Nilinunua viti vya sakafuni kwenye mieleka ya uwanjani: uzoefu wangu

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, nalikubali. Niliangalia mchoro wa viti kwenye simu, nikaona ulingo katikati, nikaona safu za viti vya sakafuni zimeuzunguka, nikajiambia aliye karibu ndiye anayeona. Nikachukua viwili, safu ya 23, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, ambaye anazijua historia za wanamieleka kuliko anavyoijua jedwali ya kuzidisha. Tiketi hizo zilikuwa ghali kuliko za majukwaani, tena kwa mbali.

Sakafuni ni sakafuni kweli. Pale siku zote ni uwanja wa mpira. Nyasi zimefunikwa kwa vipande vikubwa vya plastiki, na juu yake vimepangwa viti vya kukunja vilivyofungwa kimoja kwa kingine kwa vikamba vya plastiki, ili mtu mwenye hasira asipate cha kurusha. Hakuna mwinuko hata wa kidole. Sakafu ya ulingo imeinuka mita moja na kidogo, kwa hiyo wapiganaji wakiwa wamesimama unawaona kuanzia kiunoni kwenda juu. Wakianguka, wamepotea. Na mieleka nusu yake ni watu walioanguka!

Pambano la kwanza lilipoanza, safu ya mbele ilisimama. Ya pili ikasimama kwa sababu ya ile ya mbele. Wimbi lilipofika kwetu watu walikuwa wameshapanda juu ya viti, na mpwa wangu akawa anautazama mgongo wa jamaa mmoja aliyebeba bango pana kama mlango.

"Mjomba, nani amepigwa?"

Sikujua. Tuliinua macho kwenye skrini kubwa, kama walivyofanya wenzetu wote wa pale. Yaani nimelipia ukaribu, nikaishia kutazama televisheni iliyo mbali kuliko ile ya sebuleni kwangu.

Baadaye nilipiga hesabu. Ulingo wa maonyesho haya una mita sita hivi kila upande. Uwanja wa mpira wa kimataifa huwa na mita 105 kwa 68. Ulingo kama ule ungeingia humo karibu mara 200. Hapo ndipo shida yote ilipo: una kitu kidogo sana katikati ya mahali pakubwa mno, na kila unachokiona pembeni, majukwaa, fataki, taa, ile njia ndefu ya kuingilia, kimewekwa kuficha udogo huo. Si jambo la jana. WrestleMania III ya Machi 1987 (WrestleMania ni onyesho kubwa kuliko yote la mieleka la Marekani, la kila mwaka), kule Pontiac Silverdome, Marekani, ilitangazwa kuwa na watazamaji 93,173 (idadi ambayo mashabiki wanaibishania mpaka leo), na safari ya kutoka vyumba vya kubadilishia nguo hadi ulingoni ilikuwa ndefu kiasi kwamba wapiganaji walisafirishwa kwa vigari vya umeme vilivyotengenezwa kwa umbo la ulingo mdogo, na kamba zake. André the Giant, pamoja na ukubwa wake wote, alipelekwa juu ya kigari kwenda kupambana na Hulk Hogan. Niliwahi kuona ile picha nikadhani ni mbwembwe tu. Sasa ninaelewa. Kwenye onyesho letu wapiganaji walitembea, na kuna mmoja mzee mzee hivi ambaye muziki wake ulikaribia kurudia mwanzo kabla hajaugusa ulingo.

Jambo la pili lililonikera ni nguzo. Ulingo wa uwanja usio na paa hujengewa paa lake, fremu kubwa ya chuma iliyosimama kwa miguu minne, yenye taa na spika juu yake. Mguu mmoja ulikaa sawasawa mbele yetu. Mchoro wa viti ulikuwa haujauonyesha mguu huo, na hili silisamehi kirahisi, maana anayeuza tiketi anajua mguu utakaa wapi miezi kabla. Lakini paa lenyewe siwezi kulilaumu. Aprili 2021, pale Raymond James Stadium mjini Tampa, WrestleMania ya kwanza kuwa na mashabiki tangu janga la korona ilicheleweshwa na radi na mvua wakati watu wameshaingia, na wapiganaji wakasukumwa mbele ya kamera kuhojiwa papo kwa papo ili kujaza muda. Sakafu ya ulingo ni turubai iliyokazwa juu ya godoro jembamba na mbao. Ikilowa inateleza, na mtu anayeruka kutoka kwenye kona akiteleza, hapo hakuna maigizo tena.

Kuhusu jua nitasema kwa kifupi: onyesho letu lilianza likiwa bado linawaka, na nusu ya mapambo ikaenda bure. Fataki mchana ni moshi tu. Kuna mpiganaji mmoja ambaye mbwembwe zake zote ni giza na mwanga wa buluu, akaja kweupe kabisa, watu wakimwona hata anavyokunja uso kwa ukali wa jua. Lilimkuta hata mwanamieleka Undertaker mwaka 2015 pale Levi's Stadium, California, aliyeingia kama maiti aliyefufuka huku watazamaji wamevaa miwani ya jua. Wa uwanja wa Wembley, London, mwaka 1992 walikuwa na bahati. Onyesho lile, SummerSlam, lilianza mchana, na walipofika kwenye pambano la mwisho la Bret Hart na British Bulldog usiku ulikuwa umeingia, taa zikafanya kazi yake.

Baada ya mapambano matatu nilichoka. Nikamfuata dada mmoja wa huduma aliyevaa kizibao cha kung'aa.

"Dada, samahani. Huyu mtoto haoni kitu. Naomba tu asimame hapo pembeni."

Alitutazama, akasikiliza kitu kwenye kidude cha sikioni. "Mko wangapi?"

"Wawili."

"Nifuateni, kaka. Twendeni haraka, filamu ikiisha siruhusiwi kupitisha mtu."

Alikuwa anaisema ile filamu fupi ya kukumbusha ugomvi wa wapiganaji ulianzaje. Nyumbani unaitazama. Uwanjani taa huzimwa, na kama una macho ya kuzoea giza utaona vijana wenye mafagio wakipanda ulingoni, mwingine akikaza kamba, mwingine akibadilisha kitambaa cha pembeni chenye matangazo. Sisi tulipita katikati ya shughuli hiyo, tukapanda ngazi, tukapewa viti vya jukwaa la chini, mahali pazuri ambapo nisingepafikiria. Moyoni nikamwombea dada yule kila la heri.

Kisha nikaona analeta wengine. Wanne. Saba. Familia nzima na babu yao. Mwanamume mwenye vipokea sauti masikioni alikuwa amesimama kwenye ngazi akionyesha kwa kidole viti vilivyo wazi, huku akisema, "Sogeeni, msiache pengo. Muziki ukilia, simameni." Nikageuka kutazama upande wa pili wa uwanja. Ilikuwa pale, kwenye jukwaa refu la chuma, kamera kubwa imesimama pasipo kutikisika, imetuelekea sisi. Hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kipindi. Chochote kinachotokea ulingoni, nyuma yake tuko sisi. Pengo la viti kumi upande ule linaonekana na dunia nzima. Watu 500 wakikosekana nyuma ya kamera, hakuna atakayejua.

Hatukuhamishwa kwa huruma, basi. Tulihamishwa kama maua yanavyohamishwa mezani.

Na sikulalamika hata kidogo, kwa sababu kutoka pale niliona mieleka kwa mara ya kwanza siku ile. Viti vimeinuka, ulingo wote uko wazi chini yako, unaona nani anatambaa kuelekea kona gani, unamwona mwenzake aliyejificha chini ya ulingo kabla refa hajamwona. Ila kuna malipo yake. Wapiganaji wanajua kamera iko wapi. Anayenyanyua mkanda wa ubingwa anaunyanyulia kamera, anayelia anailia kamera, na sisi tulio mbele ya kamera tunabaki na migongo yao. Ukitaka uso, tazama skrini.

Sauti ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Tulikuwa kama mita 100 kutoka ulingoni. Mtu akibwagwa, unaona mgongo ukipiga sakafu, kimya, halafu ndipo unasikia pa! Ni karibu theluthi ya sekunde tu, kwa mwendo wa sauti, lakini jicho linaikamata. Picha ya skrini nayo ilichelewa kidogo kwa namna yake. Kwa hiyo kila pigo lilitokea mara tatu: ulingoni, kwenye skrini, na sikioni. Mpwa wangu alicheka mpaka akapaliwa, akawa anaigiza refa anayehesabu kabla mkono haujagusa chini. Nyimbo za mashabiki pia haziungani. Upande mmoja unamaliza jina la mpiganaji, upande wa pili ndio kwanza unalianza, na pasipo paa kelele zote zinapanda angani zisirudi. Nyumbani hujui hayo, kwa kuwa kuna vipaza sauti chini ya ulingo vinavyonasa kila kishindo, na vingine vimeelekezwa kwa watu.

Nilikuwa na darubini, na hii naisisitiza kwa yeyote anayekwenda: beba darubini ndogo kama inaruhusiwa. Nilimfuata refa badala ya wapiganaji. Ana kidude sikioni. Kuna wakati alikigusa, akapiga magoti kama anamkagua aliyekabwa shingo, midomo ikacheza kidogo, na ndani ya dakika moja pambano lililokuwa linajikokota likaamka, likaisha. Ndivyo muda unavyofikishwa ulingoni kutoka kwa watu walio nyuma ya pazia. Kuna mwanamieleka aliyemkaba mwenzake kichwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kuzomea. Nilikuja kugundua kwamba wakati huo walio nyumbani walikuwa wanatazama matangazo ya biashara. Kwa darubini vilevile utaiona nafasi kati ya ngumi na taya. Kwenye televisheni huioni, kwa sababu mwongozaji hubadilisha kamera sekunde ileile. Wengine hili litawaharibia. Mimi lilinifanya niwaheshimu zaidi, maana kuanguka hakuna kamera ya kukuficha. Ubao ni ubao.

Onyesho lote lilichukua kama saa tano, na hapo sijahesabu foleni ya kuingia, iliyokuwa na mageti mawili ya ukaguzi yasiyoelewana: la kwanza lilimruhusu mpwa wangu kupita na bango lake, la pili likalikataa kwa sababu ya kijiti. Saa tano ni nyingi. Hata waandaaji wakubwa waliligundua hilo. WrestleMania ya 2019 pale MetLife Stadium, Marekani, ilivuka saa sita usiku, na tangu 2020 imekuwa ikigawanywa siku mbili. Kutoka uwanjani sitaki hata kukusimulia. Kila mtu alitokea mlango mmoja.

Nikitoa nyota, kwa viti vya sakafuni natoa mbili, na hizo ni kwa ajili ya kuwa karibu na fataki, ambazo joto lake unalisikia usoni. Kwa jukwaa la chini natoa nne na nusu. Nilituma malalamiko kuhusu nguzo, nikajibiwa kwa barua pepe ya shukrani ambayo haikutaja nguzo. Nikienda tena nitachukua safu za kati za jukwaa la chini, upande ilipo kamera kubwa, pembeni yake kidogo ili isinizibe, nipate nyuso badala ya migongo. Safu tatu za mwanzo za sakafuni nasikia ni raha tupu, lakini kwa bei ile nawaachia wenyewe.

Wiki iliyofuata tulikirudia kipindi nyumbani, mpwa wangu akiwa ameshika rimoti. Pambano la kwanza tuliliona vizuri, hatimaye, pamoja na lile pengo la viti nyuma ya kamba, jeusi kama jino lililong'oka. Baada ya ile filamu fupi pengo halikuwepo tena. Akasimamisha picha, akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mjomba, sisi hawa!"

Ni kweli. Juu ya bega la bingwa, wadogo kama punje za mchele. Yeye kainua mikono yote miwili. Mimi nimekaa, nimegeuza shingo kabisa, natazama skrini.