Nati ya Gitaa la Umeme: Nunua Ile Utakayoweza Kuishusha

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wapiga gitaa, hasa wa kwaya na bendi za kanisani, yanafanana mno. Gitaa limetuniwa kwa mashine, nyuzi zote sita zimekaa sawasawa. Mtu anashika F karibu na kichwa cha gitaa, na mpiga kinanda anageuka kumtazama. Akihamia freti ya tano (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) mambo yanatulia. Akirudi pale zinapopigwa G, C na D za nyimbo zote za sifa, sauti inapanda tena. Basi anaambiwa anunue funguo mpya za kukazia nyuzi. Ananunua. Anaambiwa nyuzi zake ni hafifu. Anabadilisha. Msomaji mmoja alifikia hatua ya kuliuza gitaa lenyewe kwa hasara, gitaa zuri kabisa, na ugonjwa ulikuwa kwenye kipande kisichofika urefu wa sentimita tano.

Kipande hicho ni nati: ule ukingo mdogo mweupe au mweusi mwishoni mwa shingo, wenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita kabla ya kufika kwenye funguo.

Najua swali linaloulizwa kila mara: mfupa au plastiki, ipi ina sauti nzuri? Sitapoteza nafasi hapo. Ukishaubonyeza uzi kwenye freti, sauti yake haianzii tena kwenye nati, inaanzia kwenye freti. Nati husikika kwenye nyuzi wazi tu. Mpiga solo wa rhumba anayekaa juu ya freti ya saba anaweza kumaliza wimbo mzima bila nati yake kuchangia noti hata moja. Watu wanagombana kuhusu mfupa na plastiki, na jambo linaloharibu muziki wao hawaligusi. Jambo hilo ni kina cha mifereji.

Mfereji usipochimbwa vya kutosha, uzi unakaa juu mno ya freti ya kwanza. Ili kuufikisha kwenye freti lazima uusukume chini sana, na kuusukuma ni kuuvuta, na uzi ukivutwa sauti hupanda. Kadiri unavyobonyeza karibu na nati ndivyo uzi unavyovutika zaidi, ndiyo maana freti tatu za mwanzo zinaumia na zile za katikati zinapona. Mashine ya kutuni haitakuonyesha kitu, kwa sababu unatuni nyuzi wazi. Vidole navyo vinachoka, na mwanafunzi anaambiwa ni mvivu wa mazoezi, kumbe mshiko wa F kwenye gitaa lake ni mgumu hata kwa mwalimu.

Pima hivi. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Kipande cha karatasi ya kawaida ya fotokopi, ambayo unene wake ni kama milimita 0.1, kinapaswa kupita kwa kugusagusa. Kikipita huku kikicheza, mfereji uko juu. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti, mfereji umezidi kina, na uzi huo ukipigwa wazi utavuma. Fanya kwa nyuzi zote sita, kwa sababu mara nyingi hazilingani. Kama una kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote sita kwa pamoja, ifunge freti ya kwanza, tuni upya, upige mishiko ileile. Gitaa likilainika ghafla na likaimba sawa, usiguse funguo wala daraja, yaani kile kishikio cha nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Badilisha nati, au ishushe hiyohiyo uliyo nayo.

Sasa kuhusu kununua. Nati zinazouzwa zikiwa zimeshachongwa mifereji huja juu kuliko inavyotakiwa, na zinaachwa hivyo kwa makusudi. Mtengenezaji hajui freti zako zina kimo gani, na nati iliyo juu inaweza kupunguzwa wakati iliyozidi kina ni taabu kuiinua. Kwa hiyo anaacha ziada, akijua fundi ataiondoa. Duka linakuuzia bila kusema neno, unaipachika, gitaa linabaki vilevile, unasema nati haina faida. Ndiyo maana mpangilio wangu hautazami urembo wala umaarufu. Ninauliza swali moja: mtu asiye na tupa maalumu za gitaa, aliyeko Tabora au Kisii, ataweza kuishusha hii?

Ya kwanza, na kwa mbali: TUSQ XL ya Graph Tech

Graph Tech ni kampuni ya Kanada iliyoanzishwa na Dave Dunwoodie mwaka 1983, na mimi ni mtu wao, sifichi. TUSQ ni mfupa wa kutengenezwa, unaofinyangwa kwa joto na shinikizo kubwa, kwa hiyo hauna sehemu laini na sehemu ngumu kama mfupa wa mnyama. Ile yenye herufi XL imechanganywa na PTFE, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Teflon, ile ya kikaango kisichoshika. Uzi unateleza. Unaujua ule mlio wa "ting!" unapokaza uzi wa G, kisha sauti inaruka kupita ulipotaka? Huo ni uzi ulionasa kwenye mfereji. Kwenye TUSQ XL mlio huo karibu unatoweka, na anayetumia mkono wa kutikisa sauti ataona tofauti siku hiyohiyo.

Lakini ninaipenda hasa kwa sababu ya tumbo lake. Mifereji imekwishachongwa kwa nafasi sahihi, na chini ni kipande kizima, si ganda. Unaiweka juu ya msasa na kuipunguza kutoka chini, mifereji yote inashuka pamoja, tupa huihitaji.

Utaratibu wenyewe ni huu. Bandika msasa namba 220 juu ya kioo, upande wa unga ukiangalia juu. Ishike nati wima, isiyumbe, uisugue kwa mwelekeo mmoja mara chache tu. Irudishe kwenye shingo bila gundi, weka nyuzi, tuni. Mkazo wa nyuzi utaishikilia. Pima kwa karatasi. Toa, sugua, rudisha. Ukiona uzi wa kwanza bado uko juu na wa sita umetosha, egemeza kidole upande wa uzi wa kwanza unaposugua. Ukikaribia, hamia msasa namba 400. Kazi hii haitaki haraka, na kila anayeikimbiza hujikuta ameshuka mno. Hilo likitokea, kata kipande cha karatasi sawa na tumbo la nati, kilowe supaglu, kikauke, ukiweke chini yake.

Nje ya nchi nati hii ni kati ya dola 10 na 20. Gitaa lisilo na mkono wa kutikisa linaweza kuchukua TUSQ ya kawaida isiyo na XL. Inashushwa kwa njia ileile.

Jambo la kuangalia ni umbo. Magitaa mengi ya Stratocaster na Telecaster ya Fender yana kitako cha nati, yaani mfereji inamokaa, chenye mviringo unaofuata uso wa shingo penye freti. Mengi ya Squier, chapa nafuu ya Fender, yana kitako bapa. Graph Tech wanauza zote mbili, na ile ya mviringo haisuguliki vizuri kwenye kioo. Epiphone nazo hutaka nati nene kuliko za Fender. Ile ya Fender ni kama milimita 3.4, ya Epiphone hupita 5. Upana wa shingo ni 42 au 43 kwa wengi. Toa nati ya zamani kwanza, ipime kwa venia (kile kipimio cha taya cha milimita), urefu, unene na tumbo, ndipo uagize. Wanaopiga kwa mkono wa kushoto wana zao.

Ya pili: mfupa wa ng'ombe, ukiwa na fundi

Mfupa ukichongwa vizuri ni kitu cha kudumu, na ungeshika nafasi ya kwanza kama mafundi wenye tupa wangekuwa wengi. Tupa zenyewe ndizo kikwazo: kila unene wa uzi una tupa yake, na seti nzuri inaweza kufika dola 100. Hiyo ni bei ya gitaa la mwanafunzi.

Wapo wanaotumia njia nyingine, na inafanya kazi. Maduka ya vifaa vya kuchomelea kwa gesi huuza vijisindano vyenye meno vya kusafishia tundu la ncha ya mashine, vikiwa vingi kwenye kijaluba kimoja, kila kimoja na unene wake. Pima kwa venia, chagua kinachozidi uzi wako kidogo sana, uchonge ukiinamisha kuelekea kichwani, ili uzi ukae juu ya ukingo wa mbele wa nati, upande wa freti. Mteremko huo ukiupuuza uzi utavuma kama zeze hata kina kikiwa sahihi. Kwa nyuzi nene, kipande cha uzi wa zamani wenye mzunguko kinalainisha mfereji vizuri.

Mfupa wenyewe usiununue kwa bei ya kuagiza. Muundi wa ng'ombe unapatikana bucha yoyote. Chukua sehemu iliyonyooka yenye ukuta mnene, ondoa uboho, chemsha kwa maji yenye sabuni hadi mafuta yaishe, kisha uache ukauke kivulini kwa wiki kadhaa. Mfupa wenye mafuta utaachia gundi na kunuka. Nairobi ni rahisi zaidi: Kibera kuna mafundi wanaochonga mapambo kwa mifupa ya ng'ombe, na kipande kilichokwisha kusafishwa na kunyooshwa kwao ni kazi ndogo. Funga pua unaposugua, vumbi lake ni baya.

Na mtu akikuletea nati ya pembe ya ndovu, hata akisema ni ya zamani, mkatalie. Biashara ya kimataifa ya pembe ilifungwa kupitia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hakuna noti inayostahili tembo.

Nyingine

Shaba inapendeza macho na nyuzi wazi zake zinang'ara, ila kuishusha ni kazi ya jasho na kuharibu tupa. Nati ya vibilingo ya LSR, inayopatikana kwenye baadhi ya Fender, ni nzuri ikija na gitaa. Kuipachika kwenye gitaa lisilo nayo mara nyingi hudai kukata mbao ya shingo, na mbao iliyokatwa hairudi. Nati ya kufunga ya Floyd Rose, inayobana nyuzi kwa skrubu, ni kwa wenye daraja la Floyd Rose, wengine waiache.

Plastiki yenye uwazi ndani, ile ya bei ya soda: ukiisugua chini unakula kuta zake nyembamba. Iache.

Na maduka yetu

Hapa ndipo ninapoumia. Muulize muuzaji nati ya gitaa la umeme, atakutolea mfuko wa plastiki nyeupe na kukuambia, "Dada, hii inaingia gitaa zote." Hakuna nati inayoingia gitaa zote. Muulize upana, hajui. Muulize nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita, anakutazama kana kwamba umemtukana. Nimewahi kuuziwa kipande cheusi kwa jina la grafaiti na kwa bei yake, na kilipoguswa na msasa kikatoa vumbi la plastiki iliyotiwa rangi. Grafaiti hata ukiikwaruza inaacha weusi kama penseli.

Kibaya zaidi ni magitaa mapya yenyewe. Mzazi anamnunulia mtoto gitaa, mifereji iko juu, mtoto vidole vinamtoka damu, na jibu la dukani ni kwamba nyuzi zitalegea zenyewe. Nyuzi hazishuki kwenye mfereji kwa kulegea. Duka linalouza magitaa kila siku linaweza kuwa na tupa sita na kijana mmoja aliyefundishwa, na kazi hiyo kwa gitaa moja haimalizi saa. Badala yake wanauza gitaa, kisha wanamuuzia mtu yuleyule funguo, kisha nyuzi, kisha gitaa jingine.

Anayeagiza nje naye habanduki na gharama. Kipande chenye uzito wa karafuu chache kinabebeshwa usafirishaji unaozidi bei yake. Wekeni oda pamoja, kwaya mbili au tatu, mgawane mzigo. Na mnapoagiza, kumbukeni mifereji ya nati zilizochongwa tayari huelekea seti ya kawaida, 10 hadi 46, yaani unene wa uzi mwembamba na mnene kwa elfu za inchi. Ukifunga 11 hadi 52 kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani, nyuzi nene zitanasa hadi mfereji upanuliwe kidogo. Risasi ya penseli laini, 2B, ikisuguliwa ndani ya mfereji itakusogeza hadi upate fundi.

Unapoitoa ya zamani, kata kwanza rangi na vanishi kuizunguka kwa wembe, la sivyo itabanduka na vipande vya vanishi. Kwenye Epiphone weka kijiti cha mbao upande wa freti na ugonge taratibu kuelekea kichwani. Kwenye Fender, ambako kitako kina kuta pande mbili, isukume itoke kwa ubavu. Mpya ibandikwe kwa matone mawili madogo ya gundi nyeupe ya mbao. Si supaglu, na si epoksi, maana siku moja mtu mwingine atahitaji kuitoa.