Shamba la kujichumia viungo vya majani: nendeni asubuhi jamani

Nimeshaenda mara mbili sasa kwenye hili shamba la jamii, lile unaingia mwenyewe na kikapu unachuma majani ya viungo unayoyataka, na ntarudi tena. Mara ya kwanza nlifika saa saba mchana jua kali, mrehani umelegea, giligilani imelala, nkachuma hivohivo kwenye mfuko wa plastiki na mpaka nafika nyumbani nusu imeshanyauka. Mara ya pili nkaenda saa mbili asubuhi, umande umeshakauka kwenye majani ila jua halijakolea, hapo ndo nkaelewa watu wanasifia nini, maana yale mafuta yanayoleta harufu yanakuwa bado yamejaa ndani ya jani, jua likipanda yanaanza kupotea hewani.

Kilichonigusa zaidi ni mama mmoja anayejitolea pale. Nlikuwa nimeshaushika mrehani nataka kuung'oa mzima, akasema "ngoja mwanangu, huo bado unaishi", akainamisha tawi akanionesha kifundo, pale majani mawili yanapotazamana, na ukiangalia vizuri kila upande kuna kichipukizi kidogo kama punje. Unakata juu yake kidogo tu. Hivo vichipukizi viwili vinakuwa matawi mawili, kwahiyo atakayekuja nyuma yako anakuta majani mengi kuliko uliyokuta wewe. Miaka yote nanunua mrehani sijawahi kulijua hilo! Rozmari sasa ni habari nyingine, usishuke mpaka kwenye shina la kahawia lisilo na majani, ukikata hapo mara nyingi halichipui tena, chukua zile ncha laini za kijani. Na mmea wowote usichukue zaidi ya theluthi moja.

Nanaa wameiweka kwenye ndoo peke yake, nkauliza kwanini, kumbe inatambaa chini kwa chini ukiiachia inateka tuta zima. Mchaichai vaeni glavu, majani yake yanachana vidole.

Ambacho sikupenda ni mikasi yao, butu kabisa, inaponda shina badala ya kulikata na shina lililopondwa linaoza kirahisi, kwahiyo beba mkasi wako mkali na uwe msafi. Halafu vibao vya majina vimefutika na mvua, nimezunguka nanusa jani moja moja. Hili wangelirekebisha haraka sana, kuna watu wanakuja na watoto na mtu hatakiwi kuchuma kitu asichokijua.

Pia hawakuambii namna ya kuhifadhi na hapo ndo wengi tunapoteza. Mrehani usiuweke kwenye friji, baridi inaugeuza mweusi, uweke kwenye glasi ya maji mezani kama maua. Nanaa na giligilani zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo ndo ziingie friji. Rozmari yangu nliifunga mafungu madogo madogo (ukifunga fungu nene katikati panaota ukungu) nkaining'iniza kichwa chini kivulini panapopita hewa, leo siku ya tisa nimegusa jani limevunjika lenyewe na chumba kizima kinanukia.

Jumamosi naenda tena, saa mbili kamili, na mkasi wangu.