Kilainisha maji cha gari la kusafisha mazulia: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mashine ya kusafisha mazulia iliyofungwa garini hunywa maji ya kila nyumba inayofika. Asubuhi ni ya bomba, mchana ni ya kisima, na kila chanzo kina kiasi chake cha kalsiamu na magnesiamu. Yakiwa baridi, maji hayo hayana neno. Yakiingia kwenye hita na kupanda kuelekea nyuzi 100 za Selsiasi, bikaboneti iliyomo huvunjika, na kalsiamu huganda kama ukoko wa chokaa palepale penye moto zaidi. Ukoko huanzia ndani ya koili ya hita, hufuata valvu, kisha matundu ya nozeli. Nozeli iliyoziba nusu hupasua mnyunyizo wa maji vipande viwili, na zulia hukauka likiwa na michirizi ambayo mteja huiona kabla yako. Koili yenye ukoko nayo hula mafuta zaidi kwa joto lilelile, na magamba yake yanayobanduka hukwama kwenye valvu na kuziacha wazi nusu.

Kwa hiyo kila kifaa hapa chini tumekipima kwa swali moja: je, kinaitoa kalsiamu kwenye maji kabla hayajafika kwenye hita?

Pima kwanza, ndipo ununue

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Chini ya 60 ni maji laini, kati ya 121 na 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Nunua kipimo cha matone. Unaweka dawa ya rangi kwenye sampuli, maji yanakuwa mekundu, kisha unahesabu matone hadi yageuke bluu. Vijikaratasi vya kuchovya vinatosha kwa haraka ya asubuhi, ila havitoshi kukupa namba ya kununulia mtambo. Kile kipimo cha umeme kinachosoma chumvichumvi zilizoyeyuka hakifai kabisa kwa kazi hii. Kilainisha maji hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, jumla ya chumvi inabaki karibu ileile, na kipimo kitakuonyesha kwamba hakuna kilichofanyika hata kama maji yamelainika vizuri.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua ugumu wa maji mabaya zaidi unayokutana nayo, zidisha kwa lita unazotumia kwa siku. Tuseme ugumu ni 250 na unatumia lita 600: hiyo ni gramu 150 za ugumu kwa siku, au 750 kwa siku tano za kazi. Ongeza akiba kidogo, ifike 900. Kinachoshika ugumu huo ni rezini, punje ndogo za plastiki zinazonasa kalsiamu na kuachia sodiamu; zikijaa, huhuishwa, yaani huoshwa kwa maji ya chumvi ili zianze upya. Lita moja ya rezini ya kawaida, ikihuishwa kwa chumvi ya wastani, hushika takriban gramu 45. Gawanya 900 kwa 45, unapata lita 20 za rezini. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Wauzaji wengi hawatakupa lita, watakupa “greni”, kipimo kidogo cha uzito. Greni moja kwa galoni ya Marekani ni sawa na miligramu 17.1 kwa lita, na futi moja ya ujazo ya rezini ni lita 28.3. Mtungi wa futi moja hutangazwa kuwa na uwezo wa greni 30,000 au 32,000, lakini namba hiyo hupatikana kwa kuulisha chumvi nyingi kupita kiasi, karibu kilo 7 kila mara. Kwa chumvi ya kiasi cha kilo 2.7, tegemea 20,000 hivi. Muulize muuzaji swali moja tu: ndani mna lita ngapi za rezini? Asiyejua, nenda kwa mwingine.

1. Mtungi wa rezini unaohuishwa kwa mkono

Kwa gari linalofunga mpira kwenye bomba la mteja, hiki ndicho cha kununua, na hatuoni cha kukikaribia. Ni mtungi wa fibaglasi wenye rezini, bomba refu la katikati, na kichwa chenye valvu za mkono. Hauna umeme wala saa wala tangi la maji ya chumvi la kumwagika ndani ya gari.

Ukubwa wa kuanzia ni lita 10 za rezini, na ulio bora kwa kazi ya kila siku ni 20. Mitungi midogo ya lita 3 au 4 inayouzwa kwa magari ya kulala safarini inavutia kwa wepesi wake, lakini haiwezi kasi. Rezini hufanya kazi vizuri hadi mara 40 hivi ya ujazo wake kwa saa. Lita 10 hupitisha karibu lita 6.7 kwa dakika, lita 20 hupitisha 13, na lita 4 hazifiki hata 3. Mpira wa bustani wenye presha nzuri husukuma lita 15 hadi 20 kwa dakika. Boya la tangi la mashine likifunguka, maji yatapita mbio kwenye rezini na ugumu utapenya, ingawa rezini bado ni nzima. Nunua pamoja nao kidhibiti mtiririko kinacholingana na rezini yako. Ni kipande kidogo cha bei ndogo, na kukikosa ndiko kunakowafanya wengi waseme mtungi wao “umechoka mapema”.

Angalia pia aina ya rezini. Kwenye karatasi ya maelezo utaona asilimia 8 au 10 ya mfungamano, yaani kiasi cha nyuzi zinazoishikilia rezini isiachane. Ya 10 hustahimili klorini zaidi, na kama kazi zako nyingi ni kwa maji ya bomba yenye klorini, lipa tofauti hiyo bila kusita. Klorini hukata nyuzi zinazoshikilia rezini, punje zikavimba na kulainika kama uji, presha ya maji ikashuka.

Uzito usikushtue ukiwa umefika nyumbani. Lita 20 za rezini ni karibu kilo 16, na ukiongeza maji na mtungi unapita kilo 30. Unahitaji kusimama wima, ufungwe kwa mikanda miwili kwenye ukuta wa gari. Ukilazwa, maji hutambaa juu ya rezini badala ya kupita ndani yake.

2. Mtambo wa kituoni, gari likibeba maji yake

Kama gari lako hubeba tangi kubwa na hujazwa usiku mahali pamoja, basi hiki ndicho namba moja kwako. Mtambo wa kawaida wa nyumbani wenye kichwa kinachohesabu lita hujihuisha wenyewe usiku, na hakuna anayepaswa kukumbuka chumvi garini. Chagua kinachohesabu lita, si kinachofuata saa, maana wiki yenye kazi nyingi itakipita chenye saa.

Kasoro yake ni uzito wa maji. Lita 400 ni kilo 400, na tangi lisilo na kuta za kati huyumbisha gari kwenye kona. Maji yakiisha katikati ya kazi, utafunga mpira kwa mteja na kuingiza maji magumu, kwa hiyo wengi huishia kuwa na mtungi mdogo wa akiba pia.

3. Mitungi ya kubadilishana

Unakodisha mtungi uliohuishwa, ukichoka unarudisha na kuchukua mwingine. Pale huduma hiyo ilipo karibu, ni raha kwa mwenye gari moja asiye na mahali pa kumwaga maji ya chumvi. Zaidi ya hapo unalipa kila mwezi kwa kitu ambacho kilo chache za chumvi zingekifanya.

4. Mtambo wa kujihuisha uliofungwa ndani ya gari

Unaonekana kama suluhisho kamili, na ndiyo maana tunautaja kwa tahadhari. Kichwa chake kina gia na pistoni ndogo ambazo hazikuundwa kwa mtikisiko wa barabara, tangi lake la maji ya chumvi hucheza na kumwagika, na chumvi iliyomwagika hula sakafu ya gari na nyaya. Isitoshe, unahitaji maji na mfereji wa kutolea kwa zaidi ya saa moja, mara nyingi gari likiwa barabarani. Hata aliyepewa bure afikirie mara mbili.

5. Katriji za polifosfeti

Hizi hazilainishi maji. Huongeza fosfeti inayozuia kalsiamu kuganda, na kwenye maji baridi au vuguvugu hufanya kazi yake. Kwenye joto kali polifosfeti huvunjika na kupoteza nguvu, na joto kali ndilo hasa analolihitaji msafisha mazulia. Zifunge kwenye mashine ya kubeba isiyo na hita, si kwenye mashine ya gari.

Usivyopaswa kununua

Sumaku na nyaya za kuzungushia bomba haziondoi hata chembe ya kalsiamu. Pima maji baada yake, utapata namba ileile. Vichujio vinavyogeuza kalsiamu kuwa vifuwele vidogo hupunguza ukoko kwa kiasi fulani kwenye mabomba ya nyumba, lakini ugumu unabaki kwenye maji, sabuni inaendelea kuliwa nao, na zulia linaachiwa mabaki. Mitambo ya kusukuma maji kupitia utando mwembamba hutoa maji safi kweli, ila polepole, na humwaga sehemu kubwa ya maji ya mteja. Iachie waosha madirisha.

Kufunga bila kuharibu

Mpangilio ni huu: mpira wa mteja, valvu isiyorudisha, filta ya kuzuia mchanga ya maikroni 5, kidhibiti mtiririko, mtungi, chujio la waya, kisha tangi la boya la mashine. Mtungi ukae upande wa maji baridi na presha ndogo daima. Mitungi mingi ya fibaglasi haivumilii zaidi ya bar 10 wala zaidi ya nyuzi 49, kwa hiyo haukai kamwe baada ya pampu au hita. Valvu isiyorudisha huzuia maji ya mashine kurudi kwenye bomba la kunywa la mteja, na hilo si jambo la kupuuza.

Chujio la waya la maikroni 150 baada ya mtungi ndilo watu husahau. Mtikisiko wa gari hupasua bomba la katikati au kikapu chake cha chini, na punje za rezini hutoka zikakwama kwenye pampu na nozeli. Ukikuta vijipunje vya rangi ya asali kwenye chujio, funga kila kitu na ufungue mtungi siku hiyohiyo.

Kwa maji ya kisima, tazama chuma. Kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kuacha kutu kwenye punje, na baada ya muda chumvi peke yake haiitoi. Kuna dawa ya kusafishia rezini yenye chuma, tumia hiyo kila miezi michache.

Kuhuisha lita 20 za rezini

Kwanza geuza mtiririko upande juu kwa dakika 10 hivi, taratibu, hadi maji yatoke meupe bila kubeba punje. Yeyusha kilo 2.4 za chumvi kwenye lita 22 za maji, upate mchanganyiko wa karibu asilimia 10, kisha uupitishe polepole kwa nusu saa, chini kidogo ya lita moja kwa dakika. Hapa ndipo haraka huharibu kila kitu: chumvi ikipita kwa dakika tano, nusu ya uwezo umeumwaga mferejini. Endelea na maji matupu kwa kasi hiyohiyo hadi lita 40, kisha fungua zaidi na usuuze hadi kipimo cha matone kisome chini ya 17.

Chumvi ya kupikia yenye madini joto haiharibu rezini. Chumvi ghafi ya bahari ndiyo mbaya, kwa kuwa ina magnesiamu na tope. Maji yanayotoka yapeleke kwenye mfereji wa maji taka, usiyamwage kwenye bustani ya mtu, kwa sababu chumvi hiyo huua mimea.

Maji yakishalainika, punguza sabuni. Aliyezoea kipimo cha maji magumu na kukiendeleza ataona povu likijaa tangi la maji machafu, na zulia litabaki linanata na kushika uchafu upya baada ya wiki chache. Shuka kidogo kidogo, ukiangalia povu.

Ukinunua uliotumika

Usilipe kabla ya kuchota punje chache za rezini. Zikandamize kati ya vidole: nzima ni ngumu, ya mviringo, inateleza. Zikipondeka au zikiwa kama makombo, toa kwenye bei gharama ya rezini mpya yote. Pitisha tochi juu ya mtungi kutafuta nyufa nyembamba karibu na shingo, hasa kama gari lilikuwa la nchi yenye baridi ya kugandisha, maana maji yaliyoganda ndani hupasua fibaglasi bila kuonekana kwa urahisi kwa nje. Kisha ujaze maji, uupe presha ya bomba kwa saa moja, na upapase shingo kwa karatasi kavu.