Uzoefu wangu na ile tiba ya mzazi na mtoto: kidude cha sikioni kimeniponza

Jamani mimi pale sirudi, na nikirudi ni kwa ajili ya mtoto tu. Kijana wangu ana miaka 4, anauma watu, anarusha vyombo, chuoni ustadhi ashachoka naye. Nikaambiwa jaribu PCIT, yaani hiyo tiba ya mzazi na mtoto, ile aliyoianzisha Sheila Eyberg huko Marekani miaka ya 1970, ya watoto wa miaka 2 mpaka 7 hivi. Unaingia chumbani na mtoto na vitu vya kuchezea, mtaalamu yuko nyuma ya kioo anakuona wewe humuoni, anakunong'oneza kwa kidude cha sikioni useme nini. Usiulize, usiamrishe, usikosoe, mtoto akijenga mnara wewe kazi yako kutangaza kama mpira redioni, "unaweka ya buluu juu ya nyekundu". Na ndani ya dakika 5 umsifu mara 10, tena useme umemsifia nini, ndio wakufikirie hatua ya pili. Mara 10! Mimi mamangu alikuwa akinikata jicho tu, yamekwisha.

Sasa siku hiyo feri moja mbovu, foleni Likoni usiseme, nimefika nimechelewa natiririka jasho, mtoto ana njaa. Akanirushia gari la kuchezea usoni nikapayuka, "Hebu wacha! Kwani una nini wewe?" Amri na swali kwa mpigo. Mara nasikia sikioni yule dada mtaalamu, kasahau kuzima maiki, anamwambia mwenzake, "hapa tatizo si mtoto, ni mamake," na kicheko juu. Wallahi niliganda na kile kigari mkononi. Yani nimelipa, nimevuka maji, nije nichekwe ndani ya sikio langu mwenyewe? Nikakivua kidude nikakiweka mezani, nikambeba mwanangu huyoo. Samahani sijaiona mpaka leo, ila meseji ya salio la pesa imekuja mara mbili.

Labda alikuwa akimsema mama mwengine. Aa wapi, tulikuwa sisi tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba zile dakika 5 za kila siku nyumbani zinafanya kazi. Juzi kaweka kikombe polepole, nikamwambia ahsante kwa kuweka kikombe polepole, akakiinua akakiweka tena, mara sita, ananitazama usoni. Kuuma bado anauma, lakini si kama mwanzo.

Basi tiba naipa tano, yule dada hata nusu simpi. Jumamosi tutaenda, ila kidude atavaa babake.