Fimbo ya alumini juu ya makoro ya Goma: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Ni bomba mbili za alumini zinazoingiana, mpini wa plastiki, kitufe cha springi cha kufungia urefu, na chini kipande cha mpira ambacho nitakiita kiatu cha fimbo. Dola 18 katika duka la vifaa vya hospitali hapa Goma. Nina ganzi ya nyayo zote mbili kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na natembea nayo kila siku, nyumbani na barabarani. Bomba halina neno. Kiatu ndicho kilichonifanya niandike.

Kwanza, kazi yake hasa. Mwenye mishipa ya fahamu iliyoharibika anaweza kuwa na mapaja yenye nguvu na bado akaanguka, maana nyayo hazimwambii amekanyaga nini. Kwenye makoro, yaani mawe makali ya volkano yaliyotapakaa hapa Goma, hilo ni balaa: jiwe moja limekaa imara, la pili linacheza. Fimbo ikilitangulia jiwe linalocheza, kiganja kinajua kabla mguu haujabeba uzito. Kwa kazi hiyo inatosha kuigusisha chini, si lazima uiegemee. Anayeilalia kwa mwili mzima ataumia bega na kifundo cha mkono. Huyo aonane na kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, amtafutie kifaa kingine.

Urefu wake usikadiriwe kwa macho. Vaa viatu unavyotembelea, simama wima, uache mikono ining'inie. Mtu mwingine aisimamishe fimbo kando ya mguu wako: juu ya mpini palingane na mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiishika, kiwiko kikunjike kidogo, kama nyuzi 20. Ikiwa ndefu, bega linapanda. Ikiwa fupi, unainama mbele na uzito wote unakimbilia vidole vya miguu ambavyo havina habari. Ukipima bila viatu, umeshakosea kwa unene wa soli. Matundu ya hii yangu yamepishana sentimita 2.5, kwa hiyo ukiangukia katikati jaribu yote mawili kwa hatua ishirini ishirini. Kitufe kitokeze chote nje ya tundu. Kikitokeza nusu, fimbo itajifunga kama darubini siku utakayoihitaji zaidi. Pete ya kukazia nayo hulegea. Mimi huikaza kila Jumapili.

Mguu mmoja ukiwa mbovu kuliko mwingine, shika fimbo kwa mkono wa upande wa pili, na fimbo itoke pamoja na mguu mbovu. Wengi hufanya kinyume. Ngazini, kupanda huanza mguu mzima. Kushuka hutangulia fimbo na mguu mbovu. Mkono ulio wazi ushike ukuta.

Sasa kiatu. Kilichokuja nacho kilikuwa cha mpira mgumu, chembamba, bila rondeli ya chuma ndani, yaani kile kisahani cha duara kinachokaa kati ya bomba na mpira. Makoro ni msasa: wiki ya tano mifereji ya chini ilikuwa imefutika, wiki ya saba bomba likatokeza. Mpira ulikuwa unaliwa pande mbili, jiwe likikwangua kutoka nje na ukingo wa bomba ukikata kutoka ndani. Ncha ya alumini tupu juu ya vigae vilivyolowa ni sawa na kusimama juu ya sabuni.

Nilijaribu kipande cha tairi kuukuu, kama kile wanachopigilia kwenye magurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Hakiliki haraka, kweli, ila ni kigumu na bapa: juu ya simenti yenye maji kinateleza. Kinachofaa chukudu hakifai fimbo.

Dawa niliyoipata ni hii. Nenda na fimbo yenyewe dukani, au pima unene wa bomba chini (yangu ni milimita 19), ununue kiatu chenye kitako kipana, mpira laini kiasi cha kuingia kucha, mifereji yenye kina. Tumbukiza rondeli ya chuma ndani kabla ya kukivika. Kivike kwa kukizungusha, ukilowesha kwa maji tu. Mafuta huuozesha mpira, halafu kiatu kinachomoka kikibanwa kati ya mawe mawili. Chenji mifereji inapoanza kupotea, usingoje tundu.

Muuzaji atakusifia ile yenye vikucha vinne. Kwenye sakafu tambarare ni nzuri. Kwenye makoro vinagusa viwili au vitatu, fimbo inayumba, nawe unayumba pamoja nayo.

Kuna jambo fimbo haiwezi kabisa: giza. Nyayo zikifa ganzi, macho hushika kazi yao. Jaribu kusimama kwenye pembe ya chumba, mtu akiwa karibu wa kukudaka, miguu pamoja, ufumbe macho. Ukiyumba sana, basi umeme ukikatika usiku na choo kiko uani, fimbo peke yake haitoshi. Chukua tochi ya kufunga kichwani, mkono wa pili ubaki huru. Uso nao uoshe ukiwa umekaa kwenye kigoda, maana sabuni inafumba macho. Kandambili ziache: mguu wenye ganzi hausikii zikichomoka. Vaa kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli imara, na uingize mkono ndani kwanza. Punje moja ya koro inaweza kukuchimba kidonda mchana kutwa bila maumivu.

Ganzi yenyewe ni ya daktari. Anayemeza metformini, dawa ya sukari, kwa miaka aulize kipimo cha vitamini B12, kwani dawa hiyo inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao unaharibu mishipa ya fahamu.

Ningeinunua tena, ila kiatu cha mwanzo ningekivua pale pale dukani. Sasa nanunua viwili viwili na kuviweka kivulini, maana jua la dirishani hupasua mpira kabla haujakanyaga barabara.