Kinu cha Upepo kwa Bwawa la Nyuma ya Nyumba: Kipimo ni Saa Kumi Alfajiri

Mwaka juzi nilinunua mtambo mdogo wa kufua umeme wa upepo, ulioandikwa ubavuni "wati 400", ili uendeshe pampu ya hewa katika bwawa langu la sato lililo nyuma ya jiko, huku Kigamboni, Dar es Salaam. Muuzaji alinihakikishia kwamba pwani upepo haukosekani. Maleleji ya mwezi Novemba, yaani majira ya upepo kulegea, yalipoingia, niliamka kuswali nikawakuta sato wametanda juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Hadi saa mbili asubuhi nilikuwa nimeokota thelathini na saba waliokufa, na betri, kama nilivyogundua baadaye, ilikuwa imekauka tangu usiku wa manane.

Wanaoniuliza ushauri huanza na bei au rangi ya mnara. Mimi naanza na jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa muuzaji yeyote: upepo hulala saa zile zile samaki wanapouhitaji. Mchana mwani uliomo bwawani hutoa oksijeni, lakini jua likizama mwani huo huo huanza kuivuta pamoja na samaki na tope la chini, hivyo oksijeni hushuka usiku kucha na kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Maji yenyewe nayo hayasaidii, kwa kuwa maji baridi ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali yetu ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Mwenye kambale anaweza kuwa na subira kidogo, maana kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Mwenye sato hana nafasi hiyo.

Sasa tazama upepo wetu. Unavuma kutoka baharini alasiri, unalegea baada ya magharibi, na umande, yaani upepo mwepesi unaotoka nchi kavu usiku, mara nyingi hauna nguvu hata ya kutikisa kanga kambani. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 imesimikwa, upepo hukaza usiku hadi asubuhi, lakini sisi hatuishi Loiyangalani. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, funga kipande cha kanga kwenye mlingoti wenye urefu wa mnara unaokusudia kuununua, kisha kwa wiki nzima amka saa kumi alfajiri ukakitazame kwa tochi. Kama kimening'inia wima siku zote saba, basi chombo chochote kisichokuwa na njia ya kuhifadhi nguvu au kuliandaa bwawa mapema hakikufai.

Kwa kipimo hicho, ninachokiweka mbele ni kinu cha Koenders cha Saskatchewan, Kanada, na sifichi kwamba nina upendeleo nacho, kwa kuwa ndicho kilichosimama kwangu leo. Hakina umeme ndani yake: mapanga yanazungusha mkono unaosukuma diaframu, yaani utando wa mpira, nayo inapeleka hewa kwa bomba hadi kwenye jiwe la hewa, lenye vitundu vya kutoa mapovu, chini ya bwawa. Utauliza kinasaidia nini usiku ikiwa upepo umelala. Kinasaidia kuanzia mchana, kwa sababu mapovu huyainua maji mazito ya chini na kuyashusha yale ya juu yaliyoshiba oksijeni, tope nalo likaanza kuoza kwa hewa, hivyo bwawa linaingia usiku likiwa na akiba kuanzia juu hadi chini. Hilo linahitaji kina cha mita moja na nusu hivi. Katika bwawa la kina cha magoti mapovu hutoka kabla hayajafanya kazi. Hata hivyo, katika maleleji bado nawasha pampu ndogo ya umeme wa Luku kuanzia saa tisa usiku, na sioni aibu kuikiri.

Cha pili ni Kijito, kinu cha kuvuta maji kilichotengenezwa Thika, Kenya. Ni kikubwa na cha gharama kwa ua wa kawaida, lakini mwenye kisima anaweza kujaza tangi mchana, kisha akayaacha maji yadondoke bwawani alfajiri kupitia bomba lenye matundu. Lita 5,000 zilizodondoka zikiongezeka miligramu 5 kwa lita zitaleta gramu 25 za oksijeni, yaani miligramu 1.25 kwa lita katika bwawa la lita 20,000, kiasi cha kuwavusha sato hadi jua lichomoze.

Mtambo wa umeme kama wangu wa kwanza nauweka wa tatu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nguvu ya upepo hufuata kasi mara kasi mara kasi. Wati 400 zangu zilipimwa kwa upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, ambao hapa kwetu huezua mabati. Kwa upepo wa mita 4, hesabu inatoa wati 13. Maandishi ya kasi hiyo yalikuwa kwenye karatasi ndogo chini ya boksi, na nilipomrudia muuzaji aliniambia mnara wangu ni mfupi, ilhali yeye ndiye aliyeniuzia mnara huo. Ukiwa tayari unao, uongezee paneli ya jua.

Vinu vya mapipa yaliyopasuliwa katikati ni rahisi kutengeneza na vinazunguka polepole. Havisukumi hewa ya kutosha.

Ukiagiza Koenders, agiza pamoja nacho diaframu mbili za akiba ndani ya kreti ile ile. Mimi niliagiza ya kwangu peke yake baadaye, na wakala wa mizigo akanitoza kwa kipande cha mpira kinachoenea kiganjani fedha zilizozidi bei ya mpira wenyewe mara tatu.