Familia Romana: kitabu cha kuanzia Kilatini

Kwa anayeanza Kilatini, au anayetaka kudurusu misingi yake, ninapendekeza kwa moyo wote Familia Romana, kitabu cha Hans Ørberg wa Denmark chenye sura 35 zilizoandikwa kwa Kilatini kitupu. Sura ya kwanza hufunguka kwa ramani na sentensi nyepesi, "Roma in Italia est", na muda si mrefu msomaji hukutana na fluvius magnus, insula magna na oppidum magnum, yaani mto, kisiwa na mji, kila nomino ikiwa na kivumishi kilichopatana nayo. Sisi tuliozoea kusema mto mkubwa na kisiwa kikubwa hatushtushwi na upatanisho huo, ingawa Kilatini huuweka mwishoni mwa neno. Msamiati hurudiwa hadi ukae kichwani, na maneno mapya hufafanuliwa pembeni mwa ukurasa, mara nyingi kwa picha.

Kasoro ipo: faharasa haitoi maana, bali huonyesha tu neno lilipotokea, na mazoezi hayana majibu ndani ya kitabu. Anayejisomea peke yake atafute mwongozo wa sarufi, hasa kwa ajili ya miisho ya nomino inayobadilika kulingana na kazi yake katika sentensi.